Ducati ya Silinda Moja: ya Kweli na ya Kijiweni

Pikipiki ya silinda moja si kitu kigeni kwetu. Karibu kila bodaboda inayokatiza Kariakoo, Kisumu au Bukavu ni ya silinda moja, na fundi mzuri wa chini ya mwembe anaweza kuishusha injini ya Boxer asubuhi, dereva akarudi kutafuta abiria siku hiyohiyo. Kwa hiyo mtu wa huku akisikia kwamba kule Italia kuna watu wanaokesha na pikipiki ya silinda moja ya mwaka 1965, wakipima washa kwa maikromita na kuagiza gasketi kwa posta, anaona hao wamekosa kazi.

Pikipiki yenyewe ni Ducati. Si zile kubwa za mashindano ya kwenye televisheni. Nasema zile za cc 175, 200, 250, 350 na 450 zilizotoka kiwanda cha Borgo Panigale, Bologna, kati ya 1957 na 1974, kazi ya mkono wa Fabio Taglioni, mhandisi aliyejiunga na kampuni hiyo mwaka 1954. Leo ni pikipiki za wakusanyaji na za matembezi ya Jumapili, na zimefunikwa na maneno. Mengine hutoka kwa wenye nazo, wanaopenda ionekane wameweza kilichowashinda wengine. Mengine hutoka kwa waliouziwa mkweche. Mengine ni ya kweli.

“Silinda moja ni silinda moja. Fundi wa bodaboda ataimudu.”

Si kweli, na wala si kwa sababu fundi wetu hajui kazi.

Tuanze na anachokijua. Pikipiki nyingi za Kichina barabarani kwetu zimefuata mpangilio wa Honda CG125: kamshafti iko chini, vijiti virefu vinapanda juu kusukuma roka. Nyingine zina kamshafti kwenye hedi, nayo inazungushwa na cheni. Cheni ikirefuka inakazwa, ikichoka inabadilishwa, mchezo umekwisha.

Taglioni hakutaka vijiti wala cheni. Itazame Ducati upande wa kulia wa silinda: kuna bomba linalong'aa lililosimama kutoka chini ya injini hadi kwenye hedi. Ndani yake mna shafti. Chini, gia ya meno ya mshazari inapokea mzunguko kutoka kwenye krenki na kuupandisha. Juu, jozi nyingine ya gia kama hizo inaulaza tena ili kamshafti izunguke. Ni kazi nzuri kuitazama, na ni ghali kuitengeneza. Faida yake ni kwamba hakuna cha kurefuka, kwa hiyo taimingi ya valvu haihami injini inapochoka kidogokidogo.

Kazi iko kwenye kuzikutanisha hizo gia. Kila gia inakaa juu ya washa nyembamba za chuma, na ni unene wa washa hizo unaoamua meno yaumane kiasi gani. Tofauti inayotafutwa ni ya sehemu za mia za milimita. Fundi anafunga, anaizungusha shafti kwa vidole, anasikilizia kama kuna mahali inabana, anaishika gia na kuitikisa kupima plei, kisha anafungua, anatoa washa moja na kuweka nyembamba zaidi, anafunga tena. Anapaka rangi kidogo kwenye meno ili aone yanagusana katikati au kwenye ncha. Halafu anarudia kwa jozi ya pili. Meno yakibanwa mno, injini itapiga mluzi wa juu na gia zitajila zenyewe, yakilegea, yatagonga. Mluzi mwembamba, wa chini, ndio afya yake, na mwenye nayo huujua kama anavyoujua mlango wa nyumbani kwake.

Fundi wa bodaboda ana mikono ya kuifanya kazi hii. Asichokuwa nacho ni siku nzima ya kuitumia kwenye washa nne wakati wateja sita wamesimama foleni na kila mmoja ana hesabu ya bosi jioni. Ducati nyingi hazikuharibiwa na umri. Ziliharibiwa na mtu aliyezifungua bila kuandika washa ipi ilitoka wapi, akazirudisha kwa kukisia.

Spana, kwa bahati, si tatizo. Italia ilitumia vipimo vya milimita tangu zamani, kwa hiyo seti yako ya 10, 14 na 17 inafanya kazi, tofauti na pikipiki za Kiingereza za enzi zile zinazodai spana za mfumo wao wenyewe. Ila utahitaji vifaa vichache vya kuvutia, hasa cha flaiwili na cha klachi. Anayetumia nyundo na patasi badala yake anauza vipande vya alumini.

“Kila Ducati ni desmo.”

Si kweli hata kidogo, na hili husemwa zaidi na wauzaji.

Kwa injini ya kawaida, kemu huifungua valvu na springi huifunga. Zamani springi zilikuwa dhaifu: injini ikizungushwa kwa kasi sana, springi ilichelewa, valvu ikabaki wazi na pistoni ikaifuata na kuigonga. Desmo ni dawa ya hilo. Kila valvu ina roka mbili, moja ya kufungua na nyingine ya kufunga, zote zikiamrishwa na kemu, hakuna kusubiri springi. Taglioni aliitumia kwanza kwenye pikipiki ya mashindano ya cc 125, na mwaka 1956 Gianni Degli Antoni aliipeleka Hedemora, Sweden, akashinda Grand Prix siku ya kwanza iliposhindana.

Lakini mteja wa dukani alisubiri miaka kumi na miwili. Ducati ya kwanza ya barabarani yenye desmo ilitoka 1968, ikiitwa Mark 3 D. Kwa hiyo Monza, Diana, Sebring, Mach 1, na ile Scrambler iliyotengenezwa tangu 1962 kwa shinikizo la Berliner, waagizaji wa Marekani waliotaka pikipiki ya tayari kwa vumbi, zote zina springi. Hata baada ya 1968 za springi ziliendelea kuuzwa sambamba na za desmo. Mtu akikuuzia Ducati ya 1964 kwa bei ya desmo, muulize anasoma kalenda gani.

Na ukiipata desmo yenyewe, ujue tapeti zake zinapimwa mara mbili kwa kila valvu, upande wa kufungua na upande wa kufunga, kwa vikofia na pete za unene tofauti. Kwa mtu wa safari za Jumapili, mimi ningechukua ya springi bila kuwaza mara mbili. Desmo ilikuwa jibu la swali la mashindano, na barabara ya kwenda kunywa kahawa haiulizi swali hilo.

“Umeme wa Kiitalia ni balaa.”

Nusu kweli. Mfumo ni wa volti 6 kwa nyingi kati ya pikipiki hizi, na hapo ndipo shida inapoanza, Italia au kwingine. Taa ya wati 35 kwenye volti 12 inavuta takriban ampea 3. Kwenye volti 6 inavuta karibu 6. Umeme mwingi zaidi unapita kwenye waya uleule, na kila kiungo chenye kutu kinaiba sehemu yake. Ndiyo maana taa ya mbele inaonekana kama imekasirika.

Kabla hujalaani nchi nzima, fungua waya wa ethi. Mara nyingi umefungwa juu ya rangi mpya iliyopigwa na mtu aliyetaka fremu ing'ae, na rangi haipitishi umeme. Kwangua mpaka chuma kionekane, funga, paka grisi. Viungo vyote vya waya vivute, visafishe, virudishe. Baada ya hapo ndipo ufikirie kubadili kwenda volti 12 au kuweka mfumo wa moto wa kielektroniki badala ya pointi, na vifaa vya kufanya hivyo vinauzwa.

“Pikipiki ya zamani haiwezi kuishi bila petroli ya risasi.”

Ingekuwa hivyo, zote zingekuwa zimekufa. Agosti 2021, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba petroli yenye madini ya risasi imekwisha kuuzwa duniani kwa ajili ya magari, baada ya Algeria, nchi ya mwisho, kuiacha mwezi uliotangulia. Kusini mwa Sahara iliondoka tangu mwanzoni mwa 2006.

Hofu hii ina mzizi. Risasi iliacha utando kwenye kiti cha valvu, na utando huo ulizuia chuma kula chuma. Injini zilizoathirika baada ya risasi kuondolewa ni zile zenye hedi ya chuma cha kusubu, ambazo kiti cha valvu kilichongwa humohumo kwenye hedi. Hedi ya Ducati ni ya alumini, na alumini ni laini mno kukaliwa na valvu, kwa hiyo kiwanda kililazimika tangu mwanzo kupachika pete za chuma kigumu. Huhitaji chupa za dawa ya kuchanganya kwenye tangi.

Cha kuogopa leo ni ethanoli. Uingereza, kwa mfano, petroli ya kawaida tangu Septemba 2021 ina ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hunyonya unyevu, huharibu mipira ya zamani, na kwa tangi la faibaglasi, ambalo baadhi ya Ducati za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zinalo, huilainisha gundi yenyewe iliyoshika nyuzi. Gundi hiyo huyeyuka, hushuka hadi kwenye kabureta ya Dell'Orto na kuziba jeti. Mwenye pikipiki anasafisha kabureta mwezi baada ya mwezi, kumbe ugonjwa uko juu, kwenye tangi.

“Oili nzito, ndiyo kinga ya injini kuukuu.”

Hapa ningependa msomaji akae kidogo, maana ndipo injini nyingi zinapofia.

Ducati hizi hazina filta ya oili ya kubadilisha. Zina wavu tu chini ya sampu, unaozuia vipande vikubwa. Uchafu mdogo ulipangiwa njia nyingine: ndani ya krenki kuna mfuko uliochimbwa, na oili inayokwenda kwenye beringi ya konrodi hupitia humo. Krenki inapozunguka, uchafu, kwa kuwa ni mzito kuliko oili, unarushwa nje na kubaki ukutani mwa mfuko, na oili safi inaendelea na safari. Ni hila nzuri. Ila mfuko hauna njia ya kujitapisha. Unajaa miaka kwa miaka, na siku tope linapofika mlangoni, beringi ya konrodi inakosa oili ilhali sampu imejaa hadi alama. Unazidi kuongeza, injini inazidi kukauka.

Mfuko huo umefungwa kwa kizibo cha skrubu kwenye krenki, na kukifikia lazima injini ifunguliwe yote. Kwa hiyo mtu akikuambia injini “imefanyiwa oveholi,” usimuulize pistoni ni mpya au la. Muulize kama kile kizibo kilitolewa, na nini kilitoka nyuma yake. Aliyekifungua kweli atakusimulia hata usipomuomba, kwa kuwa kinachotoka humo ni tope jeusi gumu linalochongwa kwa bisibisi, na halisahauliki. Aliyenyamaza, zungumza naye habari ya bei.

Sasa turudi kwenye oili. Injini, gia na klachi vyote vinaogelea kwenye oili moja. Oili ya gari yenye viongeza vya kupunguza msuguano itaifanya klachi iteleze. Tafuta oili ya pikipiki ya 4T iliyoandikwa JASO MA, kama ile inayowekwa kwenye bodaboda, yenye uzito wa 20W-50. Hiyo inatosha. Nzito kuliko hapo inachelewa kufika juu kwenye kamshafti asubuhi ya baridi, na hiyo sekunde ya ukavu ndiyo inayokula kemu. Kinga si uzito bali kubadilisha mapema: kila kilomita 1,500 hivi, oili ikiwa ya moto, na wavu ukitolewa na kuoshwa. Ukikuta chenga za chuma kwenye wavu, usiwashe tena.

“Spea hazipatikani.”

Si kweli. Zipo nyingi kuliko za baadhi ya pikipiki za miaka ya 1990. Italia, Uingereza, Ujerumani, Marekani na Australia kuna maduka na wachonga vyuma wanaotengeneza upya pistoni, valvu, gasketi, hata gia zile za mshazari. Dell'Orto wenyewe bado wanatengeneza kabureta. Tatizo la kweli ni kununua spea isiyo ya injini yako.

Mwaka 1968 kiwanda kilibadili krenkesi. Wapenzi wake hugawa pikipiki hizi kwa mabadiliko hayo: za krenkesi nyembamba na za krenkesi pana, kwa kutazama upana wa sehemu ya nyuma inapofungwa injini kwenye fremu. Vitu vingi vya ndani havibadilishani kati ya pande hizo. Halafu kuna Mototrans wa Barcelona, waliotengeneza Ducati kwa leseni Hispania na kuendelea nazo hata baada ya Bologna kuacha silinda moja mwaka 1974. Tangi lina jina lilelile, lakini ndani si kila kitu kinafanana. Anayeagiza “pistoni ya Ducati 250” bila kusema ya lini na ya wapi ameagiza usumbufu.

Kwenye mlango huohuo ndiko wanakopitia matapeli. Mach 1 ya 1964, yenye gia tano na mwendo ambao kiwanda kilidai unapita kilomita 160 kwa saa, ndiyo inayotafutwa sana, na ndiyo inayoghushiwa sana: unachukua 250 ya kawaida ya krenkesi nyembamba, unaweka kabureta kubwa ya milimita 29, usukani wa chini na rangi nyekundu, basi. Kipenyo cha kabureta si cheti cha kuzaliwa.

“Kiki yake huvunja mguu.”

Inaweza, hasa ya cc 450, pistoni moja ya milimita 86 ikiamua kurudi. Lakini ikirudisha mara kwa mara si tabia yake, ni taimingi ya moto iliyotangulia mno, au kifaa cha kuitanguliza kimekwama. Kipimwe kwanza.

Jingine ni kwamba kiki iko kushoto, na gia iko kulia. Mwanafunzi wa bodaboda atakanyaga gia akidhani ni breki, na hilo ni hatari kuliko kiki. Wengi huipiga wakiwa wamesimama kando, kwa mguu wa kulia. Unaisukuma kiki polepole mpaka uhisi pistoni inakataa, unaipitisha hapo kidogo, unaiacha kiki irudi juu, kisha unashuka nayo hadi mwisho kwa uzito wa mwili wako wote. Kinachoumiza ni teke la nusu nusu.

“Ukitaka idumu, iegeshe.”

Uongo mtupu. Kamshafti inakauka, valvu moja inabaki wazi na unyevu unaingia kwenye silinda, petroli inageuka utomvu kwenye kabureta, matairi yanapata bapa. Injini iliyoendeshwa kila wiki na kubadilishiwa oili ina afya kuliko iliyowekwa sebuleni. Na kuiwasha dakika mbili “ili ipate joto” ni afadhali uiache: mvuke wa maji unaotokana na kuungua unabaki ndani ya sampu kwa sababu injini haikupata joto la kuufukuza. Itoe barabarani nusu saa au usiiguse.

“Ni kijipikipiki cha kizamani, hakiendi.”

Kinakwenda. Mike Hailwood alipata ushindi wake wa kwanza wa Grand Prix ya ubingwa wa dunia kwenye Ducati ya silinda moja ya cc 125, Ulster, 1959. Mach 1 iliyofungwa vizuri itaiacha bodaboda ya cc 150 ya leo bila kuomba radhi. Kusimama ndiko kugumu. Breki ya mbele ni dramu ya milimita 180, ikipata joto inalegea, ikipata maji inasahau kazi kwa mizunguko michache ya gurudumu. Bitana mpya, dramu iliyochongwa iwe duara kamili, na kebo isiyonyooka ovyo vinasaidia sana, ila havigeuzi dramu kuwa diski.

Kisha angalia ubavuni mwa matairi. Kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1409, tairi lilitengenezwa wiki ya kumi na nne ya 2009. Ukikuta tarakimu tatu tu, ni la kabla ya mwaka 2000, hata kama vinundu vyake vya mpira bado vipo kama lilivyotoka dukani. Livue kabla hujaijaribu hiyo injini.